Mlima Unaouzwa kwa Ndoo

Shangazi yangu ana nyundo mbili. Moja nzito, ambayo mpini wake umebadilishwa mara nyingi hadi hakumbuki ule wa kwanza ulikuwa wa mti gani. Nyingine ndogo, ya kumalizia, na hiyo siku hizi kazi yake ni kuzuia mlango wa uani usipigwe na upepo wa ziwa. Alizitumia zote kwa zaidi ya miaka 20 juu ya mlima wa Igogo, kivuli chake kanga iliyofungwa kwenye vijiti vinne, mguu mmoja ameunyoosha, mkono wa kushoto umeshika kipande cha mpira wa tairi kilichokunjwa kama pete ili jiwe lisiruke na vidole visipondwe. Kokoto zake ziliuzwa kwa ndoo. Ndoo zikiwa nyingi zinakuwa tripu, tripu inakuwa msingi wa nyumba ya mtu Nyegezi au Buswelu, na kwetu sisi zilikuwa ada, sare na madaftari. Madaftari yangu mimi, kwa mfano. Kwa hiyo chochote nitakachosema hapa kuhusu mawe, mjue kinasemwa na mtu aliyesomeshwa na mawe.

Nalisema mapema kwa sababu insha nyingi za mazingira, ukizisoma, utadhani mwandishi hajawahi kujenga hata banda la kuku. Mimi nina nyumba. Vyumba vitatu na sebule, na chini yake kuna zege nililolinunulia tripu tatu za kokoto bila kumwuliza dereva wa lori zimetoka mlima gani. Nitalirudia hilo.

Kwa wasiopafahamu, Igogo ni kata ya Jiji la Mwanza, wilaya ya Nyamagana, kusini tu mwa katikati ya mji. Chini kuna ziwa na bandari ya Mwanza Kusini. Juu kuna mlima. Katikati tumebanana sisi. Nyumba zimepanda kati ya mawe makubwa kuliko nyumba zenyewe, nyingine zimeliegemea jiwe kama ukuta wa nne, na usiku wa mvua kubwa watu wa juu hawalali, wanasikiliza. Mawe haya ni granaiti, ambayo kamusi huiita matale, na umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Ziwa kwa mlima huu ni mtoto mdogo. Wanasayansi wanasema lilikauka na kujaa upya takriban miaka 15,000 iliyopita. Yaani mlima ulikuwapo ziwa lilipokufa, na ulikuwapo liliporudi.

Mjadala wenyewe ulianza nyumbani kwa shangazi, Jumapili, baada ya kula. Binamu yangu, mtoto wake wa tatu, ni fundi ujenzi. Akasema, bila hasira yoyote, kwamba kugonga kokoto kwa mkono ni ujinga uliopitwa na wakati. "Mama, mmeuparura mlima miaka yote hiyo kwa nyundo, mmepata nini? Vumbi kifuani. Aje mtu na krasha, apewe leseni, aumalize. Vijana wapate kazi, mji upate kokoto, na pale juu pakisawazishwa watu wajenge."

Mimi nikasema, na maji je?

"Maji gani kaka? Si unafungua bomba?"

Nikakosa la kusema haraka, na tangu siku ile nimekuwa nikimjibu kichwani. Hii ndiyo insha yenyewe.

Kwanza tumtendee haki. Hakuwa anaropoka. Mji unakula mawe. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3 na zaidi, na ni zege kutoka mwanzo hadi mwisho. Reli ya kisasa kutoka Isaka kuja Mwanza, kilomita 341, inalala juu ya kokoto. Na mbali na miradi mikubwa kuna sisi wadogo na vyumba vyetu vitatu, maelfu kwa maelfu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linakadiria kwamba dunia nzima hutumia tani bilioni 50 hivi za mchanga, changarawe na mawe yaliyosagwa kila mwaka. Hakuna kitu kigumu tunachokitumia kwa wingi kama hicho. Mtu anayesema kokoto zisichimbwe kabisa, aseme pia watu walale wapi.

Na kuhusu vumbi kifuani alisema kweli. Vumbi la granaiti lina silika, na silika ikishakaa kwenye mapafu haitoki. Shangazi akicheka sana huishia kukohoa. Hilo si jambo la kupamba.

Sasa maji. Watu wengi hudhani mlima wa mawe hauna maji, kwa kuwa jiwe halinywi. Ni kweli jiwe zima halinywi, lakini mlima wetu si jiwe moja zima. Ni mawe yaliyopasuka, na kati yake kuna udongo wa changachanga uliotokana na jiwe lilelile kuoza polepole kwa karne nyingi. Mvua ikipiga, maji huteleza juu ya mgongo wa jiwe, huingia kwenye nyufa na kwenye mifuko ya udongo, na kule hukaa. Kisha hushuka taratibu sana, wiki kwa wiki, hadi miguuni mwa mlima ambako hutokeza kama chemchemi, au hukutwa na mtu anayechimba kisima. Katika nchi ya granaiti hakuna ziwa la siri chini ya ardhi kama watoto wanavyofikiri. Kuna nyufa, na kuna tabaka la udongo na mwamba uliooza juu yake. Basi. Ndiyo akiba yote.

Wasukuma walilijua hili kabla ya mtu yeyote kuja na vipimo. Wana majina ya udongo kufuata mteremko: luguru juu kwenye mawe, luseni kwenye mchanga unaofuata, na kuendelea hadi mbuga, ule udongo mweusi wa chini unaopasuka kiangazi. Kila jina linakwambia pia maji yanafanya nini pale na ulime nini. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alitoa wazo ambalo wanafunzi wa udongo duniani kote hulisoma hadi leo: kwamba udongo wa juu, wa kati na wa chini ni mnyororo mmoja, na huwezi kuuelewa wa chini bila kuuelewa wa juu. Aliuita kwa neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo ya mnyororo. Mkulima wa Kisukuma angemwambia bure.

Krasha inapokuja huanza kwa kuondoa udongo na miti, kwa sababu anayetafuta jiwe huuona udongo kama takataka ya kusogeza. Kisha baruti. Baruti hupasua nyufa mpya na huweza kuziba za zamani, na maji yaliyozoea njia moja hutafuta nyingine. Shimo likishuka chini ya usawa wa maji, linajaa, na mchimbaji anayapiga pampu kuyatoa ili aendelee na kazi. Mvua inayofuata haikuti mifuko ya udongo. Inateremka yote kwa siku moja, nyekundu, na kwenda zake ziwani.

Binamu ana jibu la pili, na ni zuri kuliko la kwanza. Maji ya ardhini ya Igogo, anasema, ni machafu hata hivyo. Vyoo vya shimo vimejaa mlimani, nyumba zimebanana, nani anataka kunywa maji ya kisima cha huku? Sina ubishi hapo. Lakini watu hufulia hayo maji, huogea, hujengea, na siku bomba likikauka huyachemsha na kuyanywa pia. Na bomba lenyewe linatoa wapi? Linatoa ziwani, Capri Point na siku hizi Butimba. Ziwa ndilo hilo hilo linalopokea mlima ukimwagika. Hakuna maji ya bomba upande mmoja na maji ya mlima upande mwingine. Ni maji yaleyale, yamechukua njia mbili.

Kisha kuna wasiofungua bomba. Mjusi wetu, yule wa kichwa chekundu na mwili wa buluu anayeota jua juu ya mawe kama bwana harusi, ana jina la kisayansi lenye jina la mji wetu ndani yake, Agama mwanzae, alilopewa mwaka 1923. Pimbi wanaishi kwenye nyufa zilezile ambamo maji hupita. Ukivuka maji kidogo kuna Saanane, kisiwa cha mawe ambacho tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, na mtalii hulipa aone mjusi na pimbi ambao huku kwetu wanapigwa na watoto kwa manati. Simlaumu mtoto. Nashangaa tu jinsi jiwe la ng'ambo lilivyo hazina na jiwe la huku lilivyo tripu.

Ila anayenisumbua zaidi ni samaki. Miamba ya Mwanza haiishii ufukweni, inaendelea chini ya maji, na huko wanaishi furu, wale samaki wadogo ambao ziwa hili lilikuwa na aina zao karibu 500. Mmoja, ambaye dume lake ni jekundu, alipewa jina la kisayansi mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Nyerere: nyererei. Ana ndugu yake wa karibu ambaye dume lake ni la buluu. Wanaishi kwenye miamba hiyo hiyo ya Ghuba ya Mwanza. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba jike huchagua dume kwa rangi, na kwamba maji yakiwa na tope na ukungu jike haoni rangi vizuri, hivyo aina mbili zinaanza kuchanganyika na kuwa moja. Hakuna samaki aliyevuliwa wala aliyepewa sumu. Maji yamechafuka kidogo tu, basi, na tofauti iliyochukua maelfu ya miaka inafutika kimya kimya. Uchafu waliouchunguza wao ulitokana zaidi na rutuba iliyozidi ziwani, mwani ukastawi. Lakini jike la furu halijui tofauti ya ukungu wa mwani na ukungu wa udongo wa mlima. Asichokiona hakioni.

Nimemsimulia shangazi habari ya samaki wa Mwalimu. Akauliza kama analiwa. Nikasema ni mdogo. "Basi," akasema, lakini kesho yake alimsimulia jirani.

Huyo Mwalimu ndiye nitakayeanza naye upande wa fikra, maana mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza ardhi imilikiwe moja kwa moja na mtu binafsi, aliandika kijitabu kuipinga, Mali ya Taifa. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni hii: mtu akifyeka pori na kulima, kilicho chake ni jasho lake na kile jasho lilichoongeza. Ardhi yenyewe hakuiumba, kwa hiyo haiwezi kuwa mali yake ya kuuza. Karne tatu hivi nyuma, Mwingereza John Locke alianza palepale na kufika kwingine. Alisema ukichanganya jasho lako na kitu cha wote, kinakuwa chako, mradi umewaachia wengine cha kutosha na kizuri vilevile. Wanafunzi wa falsafa hupenda kuwagombanisha hawa wawili. Mimi nimekaa na kokoto za shangazi nikaona wana kosa moja linalofanana.

Wote wawili wanafikiria shamba. Shamba, ukishalima na kuvuna na kuondoka, lipo. Mwingine atakuja alime. Ndiyo maana Mwalimu anaweza kutenganisha jasho na ardhi: chukua mahindi yako, acha ardhi. Jiwe halitenganishiki hivyo. Shangazi akilipasua, jasho lake limo ndani ya ile ndoo na mlima umo ndani ya ile ndoo, vimekwenda pamoja Buswelu. Hakuna kilichobaki cha kumwachia mwingine. Na sheria yetu inakubaliana na Mwalimu kwa maneno: madini ni mali ya Jamhuri, ardhi ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, maji ni ya umma vilevile. Vyema. Lakini mali ya umma inayoondoka kwa lori ikishaondoka si ya umma tena, ni sakafu ya sebule yangu.

Kuna jambo la ndani zaidi. Tunauzungumzia mlima kama kitu: una mawe kiasi fulani, jiwe lina bei fulani. Lakini kwa mtu wa chini, mlima ni kazi inayofanyika. Unapokea mvua ya siku tatu na kuitoa kwa miezi mitatu. Hiyo ni kazi, kama ya mama anayepima unga ufike mwisho wa mwezi. Na kazi ya namna hiyo haionekani hadi aliyekuwa anaifanya hayupo. Ukihesabu gharama za kokoto utahesabu dizeli, baruti, vibarua, leseni, ushuru wa halmashauri. Utahesabu vyote isipokuwa ile kazi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anailipia, na kitu ambacho hakikulipiwa kikiondoka hakiingii kwenye daftari la hasara la mtu yeyote.

Hapa ndipo shangazi alipotoa habari ambayo sikuwahi kuisikia. Chini ya mlima, upande wetu, kuna mahali maji hutoka kwenye ufa na watu waliweka kipande cha bomba. Alipoolewa, anasema, ndoo ilijaa kabla hujamaliza kusalimiana vizuri na uliyemkuta. Miaka ikaenda, ndoo ikawa inajaa mkishamaliza salamu na habari za watoto. Baadaye ikawa unaiacha pale, unakwenda kufanya kazi nyingine, unarudi.

"Mlidhani ni nini?"

"Kila mtu na lake. Wengine walisema watu wamekuwa wengi. Wengine, miti imekatwa. Kuna aliyesema kuna mtu amepafanyia mambo. Mimi nilidhani ni mvua."

"Hamkudhani ni mawe?"

Alikaa kimya kidogo. "Tungelidhani tungekula nini?"

Nataka tukae hapa, kwa sababu naona swali lote la maadili limelala kwenye mazungumzo haya mafupi. Ile chemchemi ilipunguzwa na nini? Huenda ni mawe. Huenda ni miti, nyumba, visima vipya, mvua, au vyote. Hakuna mtu aliyepima, kwa hiyo leo hakuna anayeweza kusema. Na kwa kuwa hakuna anayeweza kusema, hakuna aliyekosa. Hasara ipo, ndoo inachelewa kweli, lakini haina mwenyewe. Halafu anakuja mwekezaji wa kesho na kusema: nionyesheni ushahidi kwamba krasha yangu itaharibu maji yenu. Na sisi tutaangaliana.

Wapenzi wa tamthilia watamkumbuka Daktari Stockmann, yule wa Henrik Ibsen katika tamthilia ya mwaka 1882 ambayo Waingereza waliiita Adui wa Watu. Daktari anagundua kwamba maji ya bafu za tiba zinazoleta wageni mjini yana uchafu kutoka viwanda vya ngozi vya juu yake. Anapeleka sampuli chuo kikuu, barua inarudi, ushahidi upo mkononi. Na bado mji mzima, ukiongozwa na kaka yake ambaye ndiye mkuu wa mji, unamgeuka kwa sababu ya gharama. Kila nikiisoma najiambia: huyu alikuwa na bahati, alikuwa na barua! Maji ya ardhini hayana barua. Hayawekwi kwenye chupa na kukwambia kesho hayatakuwapo. Ushahidi wake kamili hupatikana siku ambayo hauna tena faida.

Ndiyo maana swali la "nani ana ushahidi" lina swali jingine nyuma yake: nani anapaswa kuutafuta? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inayo kanuni ya tahadhari: kwamba kukosekana kwa uhakika wa kisayansi kusiwe kisingizio cha kuacha kuzuia madhara. Kwa karatasi tumeshakubaliana, basi. Lakini angalia jinsi tunavyoitekeleza. Sheria hiyo hiyo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au kingo za mto, na kila mtu anaijua hiyo mita 60, hata bodaboda watakutajia. Mita 60 zinapimika kwa kamba. Mlima wa Igogo unapanda mbali na ufukwe, kwa hiyo mtu wa kamba akifika huko anaona amemaliza kazi. Ipo pia Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inayoruhusu kutenga maeneo ya kulinda vyanzo, na maji ya ardhini yamo, lakini hiyo bodaboda hawaijui. Tumezoea kulinda maji tunayoyaona.

Wenzetu waligundua kwa gharama. Kule Makueni, Kenya, mito hukauka kiangazi lakini mchanga wake hubaki na maji ndani, watu wanachimba kwa mikono na kuteka. Malori yakaubeba mchanga kwenda kujenga miji, na maji yakaenda nao, kwa sababu mchanga ndio uliokuwa tangi. Mwaka 2015 kaunti ikatunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga. Na Uganda, ukitoka Kampala kwenda Masaka, utapita Lwera, kinamasi kilichoungana na ziwa letu hili hili, ambako uchimbaji wa mchanga umeacha mashimo ya maji yanayoonekana ukiwa ndani ya basi. Sehemu zote mbili aliyekuwa na haraka ndiye aliyechimba kwanza, na aliyekuwa na wasiwasi ndiye aliyeambiwa athibitishe.

Msimamo wangu ni kwamba anayethibitisha awe yule anayetaka kubadilisha kitu kisichorudi. Si kwa sababu ni mbaya au ni tajiri. Ni kwa sababu yeye ana uchaguzi wa kusubiri na chemchemi haina. Apime maji ya chini ya mlima masika na kiangazi, miaka miwili angalau, kwa gharama zake, na vipimo vibandikwe ofisi ya mtaa kwa Kiswahili. Baada ya hapo tuongee.

Najua swali linalofuata, na binamu hakukawia kuliuliza. "Mbona mama hakupimishwa?" Yaani nyundo ya shangazi ina ruhusa gani ambayo krasha haina? Maskini akipasua mlima ni jasho, tajiri akipasua ni uharibifu, ndo hivyo?

Hapana, si hivyo, na kwa muda nilijibu vibaya. Nilisema kwa sababu wao walikuwa na njaa. Njaa inamweleza shangazi, lakini haiulindi mlima. Maji hayaulizi aliyeyakata ana watoto wangapi. Ukitetea nyundo kwa umaskini, utalazimika kumtetea na mwenye krasha atakayekuja na orodha ya vibarua 40 wenye njaa ileile.

Tofauti ninayoiona sasa ni ya kasi. Wagonga kokoto wakimaliza jiwe moja kubwa wamekula miezi. Katikati ya hiyo miezi mvua imenyesha, kiangazi kimepita, ndoo imechelewa au haikuchelewa, na mtu anaweza kusema "jamani" wakati mlima bado upo. Wanaoupasua ndio haohao wanaoteka maji chini yake. Wakikosea, wa kwanza kuona ni wao. Krasha yenye baruti inaweza kufanya kazi ya ukoo mzima kati ya vuli mbili, na anayeiendesha anarudi kulala kwingine. Hadi mlima ujibu, swali limeshauzwa. Kwa hiyo ninachokidai kwa niaba ya watu wa chini si mlima usiguswe. Ni wabakiwe na muda wa kugundua kosa likiwa bado linarekebishika. Nyundo, pamoja na ubaya wake wote, iliwaachia muda huo. Kwamba hawakuutumia ni kweli, na shangazi ameshatuambia kwa nini.

Binamu hakukubali. Alisema kwa kasi hiyo hata nyumba tungejenga moja kwa miaka kumi, na kwamba watu wa kusubiri ni watu wenye paa. Neno hilo limenikaa. Halafu akaniuliza, akitabasamu, kwani zege la sebule yangu lilitoka wapi. Shangazi naye akanitazama, akingoja jibu kwa hamu ya kweli, kama mtu anayetaka kujua kama labda ni zake.

Nikasema sikumwuliza dereva.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda pale kwenye ufa na ndoo ya lita 20 na simu. Watu wa maji hupima chemchemi ndogo hivyohivyo, kwa ndoo na saa, hakuna siri yoyote. Shangazi alikuja kuhakikisha siibi foleni. Ndoo ilijaa kwa dakika 6 na sekunde 10. Wasichana wawili waliokuwa nyuma yangu waliuliza ninafanya nini, nikawaeleza, mmoja akasema asubuhi sana hujaa haraka zaidi, niende na asubuhi. Nimeandika tarehe na saa kwenye daftari, mistari mingine bado mitupu. Binamu amesema atapima wiki ambazo sitakuwapo, kwa kuwa yeye ana saa nzuri.